Taa Ilikuwa kwa Fundi: kisa cha mzee wa kanisa aliyetubu mara mbili

Kisa hiki kimetoka katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupandishia mitumbwi ya uvuvi, wa mkoa wa Mwanza. Wahusika wakuu wameridhia kiandikwe. Majina hayamo, na vitu viwili vitatu ambavyo vingewatambulisha nimevibadilisha. Hesabu za fedha sikuzigusa, maana bila hizo hakuna cha kujifunza hapa. Naandika kama mmoja wa wazee tuliolisimamia jambo hili, na ndiye niliyelisimamia vibaya mwanzoni.

Usuli

Mhusika mkuu nitamwita Tajiri, kama mwaloni wanavyomwita kila mwenye mitumbwi hata akiwa amejaa madeni. Ana miaka 50 na kidogo, mitumbwi miwili ya dagaa, mke mmoja na watoto watano. Wakati huo alikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa tisa. Hakuwa mlevi. Hakuwa na nyumba ndogo. Pakiwa na msiba alitoa mchango kabla daftari halijamfikia. Nayataja haya kwa sababu kwenye semina zetu za wanaume mifano ya dhambi ni ileile, pombe na wanawake, na mwanaume asiyekunywa wala kuzurura hujiona amefaulu mtihani. Sisi wazee nasi humpa alama zote.

Kwa wasioijua kazi ya dagaa, nieleze kidogo. Kazi inakwenda na mwezi. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza, huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na hapo ndipo yanapofanyika mahesabu ya giza lililopita. Katika kambi ya Tajiri utaratibu ulikuwa hivi: yanatolewa kwanza matumizi yote, yaani petroli, chakula, betri za taa, matengenezo na ushuru. Kinachobaki kinakatwa katikati, nusu ya mwenye chombo, nusu ya wavuvi wagawane. Kwa hiyo anayeandika matumizi ndiye mwenye kisu. Tajiri aliandika mwenyewe, kwenye kaunta buku, kwa kalamu nyekundu.

Mhusika wa pili ni kijana wa miaka 23, mvuvi wa mtumbwi wa pili. Baba yake alishafariki. Mama yake anaanika dagaa kwenye vichanja vya watu kwa malipo ya siku, naye ni muumini wa kanisa letu. Kijana alisoma shule ya Jumapili benchi moja na mtoto mkubwa wa Tajiri.

Yaliyotokea mwaloni

Siku moja ya mahesabu, kijana alinyoosha mkono. Kwa maelezo ya watu watatu waliokuwepo, alisema hivi: "Shikamoo mzee. Samahani, kwenye petroli naona kila usiku ni lita 25. Mimi ndiye ninayebeba. Huwa ni dumu moja." Dumu ni lita 20, kila mtu pale anajua.

Tajiri alifunga daftari. "Siku utakayonunua injini yako, utaandika wewe." Watu wakacheka, mahesabu yakaendelea.

Siku ya nne baada ya hapo, taa moja na betri yake havikuonekana kambini. Tajiri alisimama mchangani asubuhi, saa ambayo matajiri wenzake wanakunywa chai kwa mama lishe, akapaza sauti. Akamtaja kijana kwa jina lake na la marehemu baba yake, akamwita mwizi, akamzaba kofi. Mwaloni neno hilo halingoji hukumu ya mtu. Wiki haikuisha, hakuna kambi iliyokubali kumpakia. Kijana akahamia mjini kusukuma mkokoteni.

Siku ya saba tangu kofi, fundi wa taa alipiga simu: taa yako iko tayari, njoo ulipie. Shemeji yake Tajiri ndiye aliyeipeleka, akasahau kusema. Tajiri alimlipa fundi, akarudi na taa usiku, akaichanganya na nyingine. Mkewe aliitambua asubuhi kwa ufa wa kwenye kioo. Alipouliza, aliambiwa asiingilie kazi za mwaloni.

Kimya hicho kilidumu miezi mitano. Tulipokuja kulijua jambo lote, wengi walishika lile kofi. Mimi nashika kile kimya. Kofi lilikuwa la dakika moja ya hasira. Kimya kilihitaji kuamuliwa upya kila asubuhi, pamoja na asubuhi za Jumapili alizosimama kugawa meza ya Bwana huku mama wa kijana yuko kwenye foleni.

Toba ya kwanza

Semina ya wanaume ya siku tatu niliiandaa mimi. Mada ilikuwa mwanaume na kuvunjika mbele za Mungu. Jumamosi jioni, mhubiri alipoita watu mbele, Tajiri alikuwa wa kwanza kutoka. Alilia kweli, si machozi ya kuigiza, bado naamini hivyo. Akashika kipaza sauti: "Nimewakosea watu wengi, nyumbani na kazini. Mimi ni binadamu. Naomba Mungu anisamehe na kanisa linisamehe."

Watu walipiga makofi. Wengine walikwenda kumkumbatia. Jumapili akarudia mbele ya kanisa zima, na kwaya ikapokea. Katika taarifa ya semina niliandika kwamba mzee mmoja alitubu kwa machozi, nikaona semina imezaa. Mwezi uliofuata alileta mabati 30 kwa ajili ya darasa la watoto. Tuliyapokea, tukatangaza, tukashukuru.

Siku chache baadaye mama wa kijana alikuja nyumbani kwangu jioni. Mke wangu alimkaribisha chai, akasema hatakaa. Alisimama mlangoni na kanga yake begani. "Mzee, nimesikia tajiri ametubu. Nimefurahi. Ila mwanangu bado ni mwizi."

Akaaga, akaondoka.

Maamuzi ya pili, na sababu zake

Nilimfuata mchungaji usiku uleule. Uamuzi wa kwanza ulikuwa nani aende kwa Tajiri. Kawaida tungekwenda wazee watatu, wote wa rika lake, wote wenye kazi zao au biashara zao. Mchungaji alikataa. Alimchukua shemasi mmoja ambaye ni nahodha kwenye mtumbwi wa kambi nyingine, mtu anayekula mgao. Nilidhani anamdhalilisha Tajiri. Kumbe bila yule nahodha tungerudi na maombi tu.

Mchungaji alisoma 1 Samweli 15, pale Sauli anapomwambia Samweli kwamba amekosa, kisha papo hapo anaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Tajiri anayajua Maandiko kuliko mimi. Hakusubiri tafsiri. "Kwa hiyo mmekuja kuniambia mimi ni Sauli."

Nahodha akajibu taratibu: "Hapana mzee. Tumekuja kuuliza petroli."

Pakawa kimya. Mkewe, aliyekuwa anaondoa vyombo, alisimama na sinia mkononi. Halafu yakaanza mabishano ya karibu saa mbili, na nitayaeleza kwa haki kwa sababu hoja za Tajiri hazikuwa za kijinga.

Alisema wavuvi nao wanamwibia: usiku, kabla ya kufika nchi kavu, huwauzia watu wa mitumbwi mingine sehemu ya dagaa hukohuko majini. Nahodha alikiri ni kweli. "Hata mimi nimewahi," alisema, na mchungaji akamgeukia kwa mshangao ambao sitausahau. Lakini tukashikilia kwamba hilo ni daftari lingine. Mtu akianza toba yake kwa kufungua daftari la mwenzake, atafika usiku wa manane hajageuza ukurasa wa kwake.

Akasema pia: nikimwangukia mtoto niliyemwona anatambaa, kesho nani ataniamkia? Kambi itakuwa haina mkubwa. Hapa nilimwelewa sana. Kwetu Usukumani mtu mzima hajishushi kwa kijana, na neno la baba halirudishwi. Mchungaji hakumjibu kwa hotuba. Alimuuliza: "Kijana anakuamkia?" Tajiri akanyamaza. Tangu siku ile ya kofi, wakikutana njiani, kijana alikuwa anapita bila shikamoo. Kwa hiyo heshima aliyokuwa anailinda, kwa mtu mmoja walau, ilishaondoka zamani.

Mwisho akapendekeza atume pesa kwa simu. Kijana ataona ujumbe, ataelewa mwenyewe. Tulikataa. Pesa isiyo na neno ni ya kufunga mdomo, na kijana angekuwa mwizi aliyelipwa.

Ndipo kaunta buku ikaletwa mezani. Tulikaa nayo jioni mbili, na mtoto mkubwa wa Tajiri, aliyekuwa likizo, akapiga hesabu kwa kalkuleta ya simu. Wino mwekundu ulikuwa unasomeka vizuri. Kwa miezi 14, mitumbwi miwili ilikuwa imeingia ziwani mara 412. Kila mara lita 5 hewa, kwa bei ambayo yeye mwenyewe aliiandika ya shilingi 3,000. Jumla shilingi 6,180,000. Kwa kuwa nusu ingekuwa yake hata kama angeandika ukweli, alichowapunja wavuvi ni shilingi 3,090,000. Mtoto aliisoma namba hiyo kwa sauti, kisha akaiandika pembeni kwa penseli. Hakumtazama baba yake.

Ikaja hoja ya kiasi cha kurudisha. Mimi nilitaja Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Mchungaji alisema Zakayo aliyatamka mwenyewe, hakuna aliyemtoza. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka anayeungama arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mara mbili ya Kutoka 22 ni ya mwizi aliyekutwa na mali mkononi. Tajiri aliinua kichwa. "Sasa mimi nimekamatwa au nimeungama?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Nahodha ndiye aliyesema, "Hilo mzee unalijua wewe."

Alichagua sehemu ya tano, shilingi 618,000 juu, jumla shilingi 3,708,000. Kwa kijana tuliweka fungu la peke yake: mgao ambao wenzake wa mtumbwi ule walipata katika miezi ile mitano. Tulimwambia Tajiri wazi kwamba jina la mtu halimo katika fungu hilo.

Fedha ilitoka kwa kuuza ng'ombe. Tulisisitiza mkewe aulizwe kwanza, kwa kuwa deni la mume linalipwa na chungu cha nyumba nzima. Alikubali, ila alituambia: "Mabati mliyapokea bila kuniuliza."

Kuhusu uzee wa kanisa, baraza lilimtaka akae pembeni bila kutaja muda. Na kuhusu mfuatano, tuliugeuza juu chini: kwanza mke na mtoto, halafu kijana, halafu wavuvi, halafu baraza, kanisa mwishoni kwa sentensi moja. Mara ya kwanza alianza na kanisa, na kanisa ndilo halikuwa na cha kumdai.

Sentensi nne

Tulimwomba aandike atakachosema. Karatasi ya kwanza ilijaa pande mbili. Nahodha aliomba kalamu. Alikata "kama nilikukwaza". Akakata "unajua hasira za kazi". Akakata "shetani alinipitia", na hapo Tajiri alibisha kidogo, kwamba ni kweli alipitia. Akakata kipande kirefu kuhusu jinsi alivyowahi kumlipia kijana ada ya shule. Kila palipokuwa na "lakini" alipiga mstari. Zikabaki sentensi nne.

Kijana tulimwita ofisini kwa mchungaji. Hakuja. Tukatuma ujumbe wa pili, wa tatu. Wa tatu ulikuwa mwingi, sasa naona. Aliyeumizwa hana wajibu wa kuitikia ratiba ya toba ya aliyemuumiza. Hatimaye alimjibu nahodha kwa simu. Hataki ofisini, kule angekuwa peke yake kati ya wazee. Kama tajiri ana neno, aliseme palepale alipomwitia mwizi, saa ileile. Tulimweleza pia kwamba akitaka kwenda polisi au kwa wakili, hakuna wa kanisani atakayemzuia, na toba ya Tajiri haimfungi. Akasema anajua.

Siku yenyewe

Ilikuwa asubuhi ya mbalamwezi. Mitumbwi iko juu, nyavu zimetandazwa, korongo wakubwa wanasubiri utumbo wa samaki kando ya vichanja. Matajiri wapo kwa mama lishe na vikombe vyao. Kijana alikuja kwa bodaboda, akasimama mbali kidogo na mikono mifukoni. Mama yake hakuacha kugeuza dagaa, ila alisogea kichanja cha karibu.

Tajiri alianza kupiga magoti. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Kijana alitoa mkono mfukoni haraka: "Hapana mzee, simama. Ukipiga magoti, mimi ndiye nitakayeonekana mbaya."

Akasimama. Suruali ilikuwa na mchanga kwenye goti moja. Akasema, kwa sauti iliyofika kwa mama lishe: "Nilisema kijana huyu ameiba taa. Taa ilikuwa kwa fundi. Nilijua siku ya saba, nikanyamaza. Yeye si mwizi, mwongo ni mimi."

Akavuta pumzi, na nikaona "lakini" inakuja. Nahodha akakohoa. Tajiri akafunga mdomo.

Kijana alisema, "Nimesikia." Akapokea bahasha, akahesabu palepale mbele ya watu, akapanda bodaboda.

Mahesabu ya wavuvi yalifanyika mchana. Walikuwa 11 katika miezi ile 14. Waliokuwepo walilipwa mkononi, watatu waliohamia kambi za Geita na Ukerewe walitumiwa baada ya kupigiwa simu na kuelezwa, na mmoja alikuwa amefariki. Fedha yake Tajiri aliipeleka Magu kwa mama wa marehemu, akalala huko siku mbili.

Matokeo

Kijana hakurudi kambini na hajasema neno "nimekusamehe". Kambi nyingine ilimchukua giza lililofuata, na hilo ndilo tulilolitaka zaidi.

Wavuvi wa Tajiri waliomba kitu kimoja: madaftari mawili, moja lao, petroli iandikwe na mbebaji wa dumu. Alikubali. Matajiri wenzake walikasirika kuliko alivyotarajia, mmoja alimwambia amewaharibia watoto. Vijiwe vya mwaloni vinamwita Zakayo. Halipendi jina hilo hadi leo, na sioni kwa nini alipende.

Wavuvi wawili walitunga madai ya uongo baada ya siku ile. Moja alililipa kabla hatujalijua. Tulipaswa kulitarajia hilo, penye mtu anayelipa, foleni huongezeka.

Nyumbani, mkewe anasema mabadiliko ni madogo na yapo. Anaulizwa. Mtoto mkubwa, aliyekuwa ameacha kula meza moja na baba yake bila mtu kujua sababu, alirudi mezani. Hakuna aliyelizungumza.

Uzee wa kanisa hajarudishiwa. Mwaka unakaribia. Wapo wanaotuona wakali.

Uchambuzi

Toba ya kwanza haikuwa ya uongo. Ilikuwa haitaji mtu wala kiasi. "Watu wengi" hawana sura, hawawezi kusimama kudai, na kwa hiyo hakuna aliyeumia Tajiri alipowataja. Tungemuuliza maswali mawili tu pale jukwaani au hata kesho yake, nani na kiasi gani, tungeokoa wiki nyingi. Hatukuuliza kwa sababu machozi ya mwanaume mtu mzima yanatutia aibu; tunakimbilia kumfuta. Tulimfuta Tajiri kabla hajasema lolote.

Mabati ni kosa letu. Hatukujua yalikotoka, lakini tulijua kwamba yanakuja mwezi mmoja baada ya mtu kusema amewakosea watu kazini. Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Tuliuezeka. Baraza limejadili kama tuyang'oe. Watoto wanasoma chini yake, mvua inanyesha, hatujang'oa. Tulichofanya ni kuweka utaratibu kwamba mtu aliye katikati ya toba haleti mchango mkubwa mpaka jambo lake liishe.

Sisi wa upande huu wa ziwa tulitakiwa kuyajua haya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivuka mpaka ukafika Bukoba, na walokole wa wakati ule walijulikana kwa kitu kimoja kilichowaudhi hata wachungaji: walikwenda mlangoni kwa mtu na jembe lake, au mbuzi wake, wakataja walichoiba na lini. Wazee wetu walitusimulia. Tulichobakiza ni kipaza sauti.

Kilichofanya kazi zaidi ni nahodha. Nathani alimfikia Daudi kwa kisa cha kondoo, kwa sababu Daudi aliwahi kuchunga. Tajiri alifikiwa na mtu anayejua dumu lina lita ngapi. Baraza lote la wazee lingeweza kuzungumza naye juu ya kiburi kwa mwaka mzima. Na kwa kuwa nahodha alikiri lake mbele yetu bila kuulizwa, Tajiri hakupata pa kusema kwamba tunamhukumu. Naongeza kwamba nahodha naye alikwenda kwa tajiri wake wiki ile. Yaliyozungumzwa huko hayanihusu.

Suala la magoti limenifundisha zaidi ya yote. Nilidhani magoti ndiyo unyenyekevu wenyewe, nikajiandaa kuguswa. Kijana aliona haraka kuliko sisi: mzee akipiga magoti mbele ya kijana, mwalo mzima unamhurumia mzee. Heshima ileile aliyokuwa anaililia sebuleni ingerudi kwake kwa mlango wa nyuma. Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama, hachezi ngoma. Kusimama wima na mchanga kwenye goti moja, ukasema "mwongo ni mimi" bila kuongeza neno, ni kujishusha kuliko magoti.

Wanaume wengi huniuliza kama haya hayamwondolei mwanaume uanaume wake. Huwarudisha ziwani, kwenye Luka 5. Simoni alikuwa na mashua yake na washirika wake. Alianguka magotini pa Yesu ndani ya mashua imejaa samaki, akasema yeye ni mwenye dhambi, na Yakobo na Yohana, washirika wake wa kazi, wapo wanasikia. Hakusubiri Sabato wala sinagogi. Naye alipiga magoti, mtaniambia. Ndiyo, ila mbele ya Yesu, ambaye hakuna mtu angemwona mbaya kwa hilo.

Tulichoshindwa ni mama wa kijana. Yeye ndiye aliyelifungua jambo, na hatukumuuliza lolote tena mpaka lilipoisha. Tajiri hakumwendea, maana hatukumweka kwenye mfuatano. Alikwenda mwenyewe baada ya miezi miwili, aliyoambiwa hajayasema.

Juzi nilikuwa nimesimama na Tajiri barabarani, karibu na njia ya kushukia mwaloni, tukizungumzia bei ya betri. Kijana alipita amebebwa kwenye bodaboda, wavu umefungwa nyuma. Hakusimama. Alisema "Shikamooni" akapita. Tukaitikia wote wawili. Tajiri alikitazama kile chombo mpaka kikapotea kwenye kona, kisha akaniuliza: "Alinisalimia mimi, au wewe?"

Nikamwambia sijui.